Ubao wa Mwalimu: Jawabu la Swali Nililoulizwa Huntsville

Mwaka umezunguka, kitabu chetu kimerudi mezani, nami kama ilivyo ada nimepewa kurasa zangu chache. Wenzetu waliotangulia mbele ya haki tangu kitabu cha mwaka jana wametajwa katika ukurasa wa mwanzo, tuwaombee. Waliozaliwa ni wengi kuliko waliokufa, alhamdulillahi.

Mwaka huu nilikusudia kuandika juu ya majina ya vyakula vya Pwani, maana watoto wetu siku hizi kila kitumbua wanakiita keki. Karatasi nilikwisha kuziandaa. Lakini yaliyotokea katika mandari yetu ya Huntsville yamenilazimisha kubadili somo, na vitumbua vitangoja.

Kwa wageni waliojiunga nasi karibuni, jamaa wa Houston na jamaa wa Dallas na Fort Worth hukutana mara moja kwa mwaka huko Huntsville, kando ya barabara ya 45. Watu wa Dallas na Fort Worth hulalamika kila mwaka kuwa wao ndio wanaoendesha masafa marefu zaidi, na husema kweli. Hapo ndipo ilipo ile sanamu nyeupe ya Sam Houston, futi 67 bila kuhesabu kituo alichosimamia, na mkononi ana bakora kama mzee anayetoka msikitini. Watoto huiona kabla hatujafika, na kila mwaka huuliza, “Bibi, huyu ni nani?”

Mwaka huu aliyeuliza alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano, mzaliwa wa Fort Worth, na hakuridhika na jina. Akasema, “Kama huyu ndiye mzee wa Texas, mzee wetu sisi ni Nyerere. Sasa, Bibi, Nyerere alikuwa mtu wa demokrasia au alikuwa dikteta? Baba asema hivi, babu asema vile.”

Laiti angeuliza baada ya chakula! Mzee wetu mmoja wa Tabora akasema Mwalimu alikuwa walii, na asiyejua hilo hajui kitu. Bwana mmoja wa Unguja akaiweka sahani yake chini, akasema kwao kati ya mwaka 1964 na 1980 hakuna aliyeitwa kupiga kura ya kumchagua mtu wa kumsemea, na huyo walii alikuwa wapi? Sauti zikapanda, pilau ikapoa. Mwisho ndugu yetu mmoja wa Bukavu, ambaye aghalabu husikiliza tu, akasema kwa Kiswahili chao cha kule, “Ninyi munagombana juu ya mutu aliyetoka mwenyewe. Wetu alikaa zaidi ya miaka makumi tatu, na alitoka kwa kukimbia.” Watu wakacheka, ugomvi ukalala. Lakini swali la kijana halikujibiwa, nami nikamuahidi kuwa nitamjibu katika kitabu hiki. Ahadi ni deni, na hili hapa nalilipa.

Nianze na huyo wa sanamu, maana ndiye jirani. Sam Houston alikuwa rais wa Texas ilipokuwa nchi peke yake, mara mbili: 1836 hadi 1838, kisha 1841 hadi 1844. Alipisha katikati kwa sababu katiba yao ya mwaka 1836 ilimkataza rais kushika vipindi viwili mfululizo. Mwaka 1861, akiwa gavana, alikataa kula kiapo cha utii kwa majimbo yaliyojitenga na Marekani, akauzuliwa, akaenda nyumbani. Hayo ni mambo ya kiume. Lakini mtu huyo huyo alikuwa na watumwa, na katiba ile ile iliyompisha kitini ilisema mtu mweusi aliye huru hana ruhusa ya kukaa Texas pasipo idhini ya bunge lao. Watumwa wa Texas walisomewa tangazo la uhuru wao Galveston tarehe 19 Juni 1865, naye amekwisha kufa miaka miwili nyuma. Basi mjukuu wangu, ujue tangu mwanzo kuwa mzee wa taifa huweza kubeba jema kubwa na ovu kubwa katika kifua kimoja. Tunamsoma ili tujue alituachia nini.

Sasa tuje kwa Mwalimu.

Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Alisoma Tabora, Makerere, na Edinburgh, kisha akafundisha Pugu. Alipofika Dar es Salaam hakukuta uwanja mtupu. Wenyeji wa mji, wengi wao Waislamu wa mitaa ya Kariakoo na Gerezani, walikwisha kuwa na chama chao, na watu kama Abdulwahid Sykes, mdogo wake Ally Sykes, na Dossa Aziz ndio waliompokea mwalimu huyu mgeni na kumtanguliza. TANU ikazaliwa tarehe 7 Julai 1954. Bibi Titi Mohamed akawaita kina mama, nao wakaja kwa maelfu. Mambo haya wazee wetu wa Tanga wakituhadithia tulipokuwa watoto, barazani baada ya isha, hata hatukujua kuwa ni historia.

Somo lake la kwanza la demokrasia alilitoa Tabora, Januari 1958. Serikali ya Kiingereza ilileta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura lazima amchague Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja, na awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. Wengi katika mkutano walitaka kususa. Nyerere alisimama akawashawishi waingie, kwa hoja kwamba ukisusa mchezo mpinzani wako hufunga mabao peke yake. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuanzisha chama cha Congress. TANU ikaingia, ikawaunga mkono hata Wahindi na Wazungu wenye fikira moja nayo, ikashinda. Uchaguzi wa Agosti 1960 ikapata viti 70 katika 71. Tarehe 9 Desemba 1961 tukawa huru, na damu haikumwagika.

Angalieni alilofanya baada ya hapo. Januari 1962, wiki sita tu tangu uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda vijijini kukijenga chama. Mwisho wa mwaka akarudi kugombea urais, na aliyeshindana naye alikuwa Mtemvu yule yule. Lakini mwaka huo huo wa 1962 ilipitishwa sheria ya kumweka mtu kizuizini pasipo kesi. Nawaomba vijana wayashike yote mawili pamoja, maana ni ya mwaka mmoja na ya mkono mmoja.

Mwaka 1963 ikatoka tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare juu ya Juliasi Kaizari, habari ya mtu aliyeuawa na rafiki zake kwa kuogopa kuwa atajifanya mfalme. Rais kijana, mwenye askari na magereza chini yake, alikesha akiifasiri hadithi hiyo kwa Kiswahili ili wananchi wake waisome. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sikupata kuamua kama alikuwa akituonya sisi au akijionya mwenyewe.

Kisha likaja jambo lililoigawa mandari yetu, nalo ni chama kimoja. Januari 1964 aliunda tume ya kulitazama suala hilo, lakini tume haikuambiwa iulize kama twataka chama kimoja. Hilo lilikwisha kuamuliwa. Iliambiwa iseme tu kitakuwa cha namna gani. Hoja yake ilikuwa kwamba mahali ambapo karibu viti vyote vinakwenda kwa chama kimoja, na vingi bila mpinzani, mpiga kura hana la kuchagua. Afadhali wagombea wawili wa chama hicho washindane. Hivyo mwaka 1965 karibu kila jimbo likapata wagombea wawili, mmoja alama ya jembe, mmoja alama ya nyumba. Walisimama jukwaa moja, wakakatazwa kutaja kabila, dini au rangi, na kukatazwa kusema kuwa Mwalimu anamtaka yeye. Wabunge wengi, na hata mawaziri, wakaangushwa. Mwaka uliofuata ikaanza Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ambako mwananchi aliyedhulumiwa na mkubwa aliweza kupeleka malalamiko. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likawakataza viongozi kuwa na mishahara miwili na nyumba za kupangisha.

Hayo yalikuwa mazuri yake. Na mabaya yake? Bwana wa Unguja alisema kweli. Tangu Mapinduzi ya Januari 1964 na Muungano wa Aprili mwaka huo, Visiwani watu walikaa miaka 16 bila uchaguzi wa wawakilishi wao, mpaka lilipoanza Baraza la Wawakilishi mwaka 1980. Oscar Kambona alikimbilia Uingereza mwaka 1967. Bibi Titi, yule yule aliyeita kina mama, alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kesi ya uhaini, akaachiwa mwaka 1972. Leo Dar es Salaam kuna barabara kubwa yenye jina lake. Mwaka 1968 jumuiya kongwe ya Waislamu wa Afrika Mashariki ilipigwa marufuku, na wazee wetu waliokuwa wa kwanza kumfungulia Nyerere milango walibaki na fundo rohoni mpaka wakazikwa nalo. Na ilipofika miaka ya 1973 hadi 1976, mamilioni ya watu walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, wengi kwa nguvu. Watu wa upande wa mama yangu waliacha minazi iliyopandwa na babu zao, wakaonyeshwa mahali pasipo hata mwembe.

Hapa nitasema jambo ambalo sijapata kumwambia mtu, hata marehemu mume wangu.

Mwaka 1980 nilipiga kura yangu ya kwanza, Tanga. Nilikuwa na miaka 20, mwalimu mpya, sketi imepigwa pasi ya mkaa. Vita vya Uganda vilikwisha mwaka uliotangulia, tukaambiwa tufunge mikanda miezi 18. Mikanda tulikwisha kuifunga, na sabuni bado ilikuwa ya foleni. Nilipewa karatasi. Ya ubunge niliijaza upesi, maana niliwasikiliza wote wawili kiwanjani na mmoja alikuwa mjinga dhahiri. Ya urais ilikuwa na jina moja tu, na chaguo la ndiyo au hapana. Niliwakumbuka wajomba zangu na minazi yao. Nikapiga hapana. Mkono ulitetemeka, nikaikunja karatasi mara nne kana kwamba kuikunja kutanificha.

Siku ya pili nilikwenda shuleni nikingoja kuitwa. Hakuna aliyeniita. Wiki ikapita, mwezi, mshahara ukaja. Siri ya kura ilikuwa siri kweli, na hilo namhesabia Mwalimu. Lakini nilikuwa nimemkataa mtu pasipo kumtaka mtu mwingine, kwa kuwa mwingine hakuwapo. Ni kama kumwambia mpishi kuwa chakula hukitaki, naye hana chungu cha pili. Nilitoka na nusu ya haki, na nusu hiyo nilikuwa nayo mpaka mwaka 1995.

Kisha yule niliyemkataa akafanya lililoniliza. Mwaka 1984 katiba ilibadilishwa, ikaingizwa orodha ya haki za raia, ambazo mahakama zilianza kuzisimamia mwaka 1988, na ikaandikwa kuwa rais asizidi vipindi viwili vya miaka mitano. Mwaka 1985 akaondoka Ikulu, mzima wa afya, hakufukuzwa na mtu, akamwachia Ali Hassan Mwinyi, mtu wa Zanzibar. Afrika wakati huo marais waliotoka kwa hiari walihesabika kwa vidole: Senghor wa Senegali mwishoni mwa 1980, Ahidjo wa Kameruni mwaka 1982. Hapa Marekani Washington aliondoka mwaka 1797 baada ya vipindi viwili, ikawa ada tu, mpaka Roosevelt alipochaguliwa mara nne, ndipo mwaka 1951 wakaiandika katika katiba. Kwetu sheria ilitangulia, na ada ikafuata: Mwinyi aliondoka 1995, Mkapa 2005, Kikwete 2015. Magufuli alipofariki Machi 2021, makamu wake aliapishwa baada ya siku mbili, wala hakuna askari aliyezingira redio.

Mwaka 1990 Mwalimu alilifungua mwenyewe lango alilolifunga, akasema si dhambi kuzungumza juu ya vyama vingi. Tume ya Jaji Francis Nyalali ya mwaka 1991 ikaulizwa lile ambalo tume ya 1964 haikuulizwa: wananchi wanataka nini? Karibu wanane katika kila kumi walisema tubaki na chama kimoja. Hata hivyo tume ikapendekeza vyama vingi, naye akaunga mkono, kwa kuwa wale wawili nao ni watu, na wengi wa wale wanane pia walitaka mabadiliko. Julai 1992 sheria ikabadilika. Tume hiyo hiyo ilitaja sheria 40 za kuonea watu na kutaka zifutwe au zirekebishwe. Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na nyingi katika hizo alituachia.

Basi alituachia nini? Jawabu langu ni hili: aliwafundisha marais kuondoka, lakini chama hakukifundisha kuondoka. Yeye mwenyewe alipotoka Ikulu alibaki mwenyekiti wa chama mpaka mwaka 1990. Alijenga nyumba ambamo mwenye nyumba hubadilika kila miaka kumi na ukoo haubadiliki. Katiba ya mwaka 1977 imekataza mahakama kuhoji matokeo ya urais yakishatangazwa. Mgombea asiye na chama haruhusiwi. Rasimu ya katiba mpya iliyoandaliwa na tume ya Jaji Warioba ilipita Bunge la Katiba, ikatoka imekatwakatwa mwaka 2014, na kura ya maoni haikupigwa.

Ndiyo sababu naandika kwa uchungu juu ya tarehe 29 Oktoba 2025. Chama kikuu cha upinzani kilizuiwa kushiriki, kiongozi wake alikuwa ndani kwa kesi ya uhaini, vijana wakaingia barabarani, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka usiku, na watu wakauawa. Mshindi akatangazwa kwa zaidi ya asilimia 97. Ninyi mliokuwa hapa mnakumbuka zile siku. Ujumbe una tiki moja. Dada yetu mmoja wa Sugar Land alikaa na simu mapajani, hali wala hasali vizuri, akingoja sauti ya mwanawe. Alipoipata alilia kuliko alipokuwa hajaipata. Wako jamaa wa wenzetu ambao hawakuipata.

Wapo watakaosema hayo ni ya waliopo leo, tusimtwike marehemu. Ni kweli, kila mtu atajibu kwa mkono wake. Lakini mwalimu akistaafu, hati zake za mafunzo hubaki shuleni, na aliyemfuata hufundisha humo humo. Sheria ya kumfunga mtu pasipo kesi ilikuwa katika hati hizo. Ya kuondoka kwa hiari pia imo. Kila kizazi huchagua ukurasa wa kufungua.

Nilipomsomea mama wa yule kijana rasimu ya makala haya kwa simu, alinyamaza kidogo, akasema kwa adabu, “Mwalimu, na darasa la Jumamosi?” Nikajua ameshanikamata. Darasa letu la Kiswahili hapa Houston nimelishika miaka 14. Ufunguo wa kabati la vitabu ni mmoja na ninao mimi. Mara mbili vijana walitaka kubadili masomo, mara mbili nikasema bado hawajakomaa. Neno hilo, wasomaji wapenzi, ndilo Waingereza waliloliambia TANU.

Basi nimekwisha kuwaandikia wanakamati. Inshallah baada ya Ramadhani nitakabidhi darasa kwa walimu wawili vijana, mmoja wa Alief na mmoja wa Katy. Nitakabidhi na ufunguo, wala sitabaki na wa pili. Wakiniita nitakwenda kusimulia hadithi. Wasiponiita nitapika vitumbua. Naomba na kamati zetu za Houston na Fort Worth zitazame katiba zao, ziandike ukomo wa vipindi pale ambapo haumo, kisha zikubali pia kwamba kundi jingine la watu laweza kushika hesabu.

Kijana wangu wa Fort Worth, hilo ndilo jawabu. Hukupata neno moja kama ulivyotaka, maana neno moja lingekuwa la uongo. Kazi ya nyumbani ni hii: mkae na wazee wenu, muwaulize kura yao ya kwanza waliipiga wapi, na karatasi ilikuwa na majina mangapi. Muyaandike. Mandari ijayo mje nayo Huntsville, na safari hii tule kwanza.

Mwakani, Mwenyezi Mungu akitujaalia uhai, tutazungumza vitumbua.

Wassalaam.